Mwaka wa Panya wa Kapalamsenga

Tulipomzika Daktari Msofe pale Morogoro, msoma wasifu alifika mahali akaiweka karatasi pembeni, akaanza kusimulia kwa mdomo. Alisema marehemu alipenda kuwaambia wanafunzi wake habari za binti mmoja wa Katavi aliyewaonea huruma panya wa majaribio, akawalowekea muhogo, na kwamba kosa la binti huyo lilimfungua macho kuliko majaribio mengi aliyoyafanya kwa usahihi. Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kujizuia. Kisha vichwa vikaanza kugeuka kunitafuta mimi, maana maabara nzima inajua kwamba Leokadia ni mtu wa Katavi na kwamba alianzia kazi huko huko. Jirani yangu, mhadhiri kijana mwenye tai nyembamba, akaniinamia. "Kumbe ni wewe, mama! Mbona hukutuambia?" Nikamjibu, "Si mimi." Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyofaa mahali pale, na ilikuwa na hasira ambayo haikumhusu kijana wa watu hata kidogo. "Si mimi. Anaitwa Spesioza, yuko Katumba, analima." Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu, akageukia mbele.

Jioni ile nilimpigia simu Spesioza kumpa taarifa. Alilia. Alilia kilio cha kukata pumzi, mpaka nikasikia mtoto wake akimuuliza, "Mama, nani kafa?" Mimi niliyefanya kazi na marehemu miaka yote hii, niliyejua chai yake anaitaka na sukari kiasi gani na viatu vyake vinambana wapi, nilikuwa nimetoa machozi ya kupangusa kwa kidole kimoja. Nikiwa nimeshika simu sikioni nikamwonea wivu. Hata kulia ananizidi, nilisema moyoni, na huyu hajamwona Daktari tangu tukiwa wasichana. Hapo nikajua kwamba ule mwaka wa Mpanda haujaniisha, na kwamba ni afadhali niukalie chini niuseme wote.

Nyumba ilikuwa Mpanda mjini, mtaa wa Makanyagio, ya matofali ya kuchoma, na Daktari, aliyekuja kufanya utafiti wa panya akatuajiri mimi na Spesioza tumsaidie, alikuwa ameipanga yote. Chumba kikubwa kuliko vyote, kile ambacho mwenye nyumba alikisifia kwa kuwa kilikuwa na choo ndani, Daktari aliwapa panya. Yeye akachukua cha kati. Mimi na Spesioza tukapewa kidogo cha uani, vitanda viwili vilivyoachana kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, na dirisha lililotazama jiko la nje. Chumba cha panya kilikuwa na rafu za mbao kuta tatu, juu yake vizimba vya waya, chini ya vizimba pumba za mpunga. Ukifungua mlango asubuhi ulikutana kwanza na joto, halafu harufu ya mkojo, halafu ule mchakacho wa kucha ndogo zikikwaruza waya zote kwa pamoja, maana walikuwa wameshajua kwamba mlango ukifunguka ni chakula. Upande wa kushoto walikaa panya wa Mamba, kijijini kwetu, waliokulia kwenye mpunga na mahindi. Kulia walikaa panya wa Kapalamsenga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako watu huvua na kulima, na ambako panya huchimba mihogo michungu ingali ardhini wakaila hivyo hivyo mibichi. Kwa sura huwezi kuwatofautisha. Mimi mwenyewe ningeapa kwamba ni ndugu.

Siku ya kwanza Daktari alituketisha sebuleni, akatumiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo lilitutia aibu sote wawili. Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu na tabia ya kuuliza maswali kama anayetega panya, anaweka chambo halafu anarudi nyuma. "Muhogo mchungu una sumu," alisema. "Nyie kwenu mnauloweka, mnauanika, mnausaga. Panya hana ndoo, hana mkeka. Sasa niambieni, wa Kapalamsenga mbona hafi?" Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikawa nalipanga vizuri ili litoke kwa Kiswahili cha heshima. Spesioza, ambaye hapangi kitu, akasema, "Amezoea." Daktari akapiga paja lake. "Amezoea! Lakini nani hasa aliyezoea? Panya mwenyewe? Au wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi tumboni mwake kwa maelfu na maelfu, wanaomsagia na kumwondolea sumu? Kwa sababu mimi nadhani panya ana wapishi tumboni. Na kama ni wapishi, basi wanaweza kuazimwa." Kisha akasema lile neno ambalo lilikaa kati yetu mwaka mzima. Kazi ikiisha angerudi Morogoro na mmoja wetu, akasomee ufundi wa maabara na apate ajira pale chuoni. Nafasi ilikuwa moja. Spesioza akanitazama akatabasamu kama kwamba tumeambiwa habari ya mtu mwingine. Mimi nilitazama kikombe changu.

Nafasi ile niliitaka kwa namna ambayo hata leo nashindwa kuieleza. Niliitaka nikiwa naosha vyombo, niliitaka nikiwa kanisani. Na kwa kuwa niliitaka hivyo, nilianza kumtazama Spesioza kama mtu anavyotazama wingu akiwa ameanika mpunga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, mzaliwa wa makazi ya wakimbizi ya Katumba ambako wazee wake walifikia wakitoka Burundi. Jina langu alilitamka Reokadia, na baadaye Reoka, na sikuwahi kumrekebisha kwa sababu, kwa bahati mbaya, lilikuwa zuri mdomoni mwake. Panya walimpenda. Najua panya hawapendi mtu, lakini sijui niseme nini kingine. Aliwashika ngozi ya shingo, wakatulia wakining'inia, miguu imelegea. Mimi waliniuma. Waliniuma na glavu na bila glavu, wa Mamba walioniuma zaidi ni wale niliowatega kwa mkono wangu nyumbani kwetu. "Wanakujua, ndiyo maana," Spesioza alinitania. "Wanasema, huyu ndiye aliyetutoa kwenye mpunga."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha ukiwaeleza watu, kwa hiyo hatukuwaeleza. Tuliokota mavi mabichi ya panya wa Kapalamsenga, tukayaponda kwa maji safi, tukayachuja, tukachanganya na uji mwepesi wa mahindi, na uji huo tukawapa nusu ya panya wa Mamba. Nusu nyingine tuliwapa uji mtupu. Baadaye wote wangehamishiwa taratibu kwenye muhogo mchungu, nasi tungeona nani anashika uzito na nani anakonda. Kama Daktari alikuwa sahihi, wale waliokunywa uji wenye mavi wangekula muhogo bila shida, kwa kuwa wangekuwa wameazima wapishi wa Kapalamsenga. Kupima uzito ilikuwa kazi yangu. Sikukosea hata mara moja, na nilikuwa nahakikisha Daktari anajua kwamba sikukosea. Kuandaa muhogo ilikuwa kazi ya Spesioza. Muhogo ulikuja na gari la samaki kutoka ziwani, umefunikwa kwa magunia, unanuka migebuka. Daktari alimwambia, "Menya, kata vipande, wape." Nilikuwepo aliposema. Maneno yalikuwa hayo tu.

Tulikula watatu, meza moja, sahani zetu za maua. Hapo ndipo nilipoteseka zaidi kuliko kule kwa panya. Nikipika mimi, ulikuwa wali wa Mamba, ule ambao ukifunua sufuria jirani anauliza leo kuna nini, na Daktari alikula nusu sahani akasema, "Wali mzuri." Akipika Spesioza, ulikuwa ugali wa muhogo, mzito, unaovutika, na migebuka ya kukaangwa kisha kutiwa nyanya, na Daktari alinawa mikono mapema. Alikula kimya mpaka mwisho, akaomba ukoko. Wakati huo mimi tumbo langu lilikuwa limefura. Wiki zile za kwanza ugali ule ulinisumbua kweli kweli, nikawa naamka nikinguruma, na Spesioza akicheka kitandani kwake. "Wewe ni panya wa Mamba kabisa. Nikuletee uji?" Nilimrushia kandambili. Nilicheka pia, maana alikuwa anachekesha, na hilo nalo lilinikera. Ni rahisi kumwonea wivu mtu mbaya. Huyu alinipa blanketi lake niliposhikwa na homa, akalala na kitenge, na asubuhi nilipomwona amejikunja pale nilifikiri, sawa, na hili nalo Daktari ataliona.

Siku moja nilikuwa napita korido na bakuli la maharage, nikamsikia Daktari akiongea na mume wake kwa simu sebuleni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. "Huyu wa Katumba ana kitu," alisema. "Anaangalia mnyama, haangalii kazi." Akasikiliza. "Yule mwingine? Leokadia ni mwaminifu sana." Nilisimama pale na maharage yangu yanapoa. Mwaminifu! Uaminifu ni sifa ya kufuli. Niliingia jikoni nikayamwaga maharage kwenye sufuria kwa nguvu mpaka mchuzi ukanirukia kifuani, na Spesioza aliyekuwa anachochea moto akauliza nani kaniudhi. Nikamwambia moshi.

Basi nikaamua kuwa na kitu na mimi. Nilianza kukaa na panya baada ya kupima, nikiwatazama tu, na nikaona jambo. Panya hula mavi yao. Si yote, ni yale laini ya alfajiri, wanajikunja wanayapokea kwa mdomo kabla hayajaanguka. Nikaona pia kwamba vizimba nilivyovisafisha kila siku, kwa vile nilitaka kusifiwa usafi, panya wake walikonda upesi kuliko wale niliowaacha na pumba za siku mbili tatu. Nikafikiri, hawa wanarudisha wapishi wao tumboni, mimi nawafagilia nje. Nilikaa na wazo hilo kama mtu aliyeficha yai kwenye kanga. Nilimwambia Daktari wakati wa chai, nikiwa nimejipanga, nimechagua maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri, Leokadia. Ni kweli, panya hufanya hivyo. Tupunguze kusafisha." Akaendelea kutafuna andazi lake. Lilikuwa jambo linalojulikana. Leo mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi jambo hilo hilo, na kila mwaka nikifika hapo nasikia lile andazi likitafunwa.

Muhogo ulipoanza kuliwa peke yake, mambo yakaharibika. Waliokunywa uji wenye mavi walinenepa. Wasiokunywa nao walinenepa. Nilipima asubuhi, nikapima tena jioni, mizani ikasema vile vile. Daktari aliacha kumaliza ugali. Alikaa sebuleni na miguu juu ya stuli akitazama ukuta, na ukimwuliza kama aletewe maji alijibu ndiyo halafu hayanywi. Kama panya wa Mamba anaweza kula muhogo mchungu bila msaada wowote, basi wapishi wa tumboni si kitu, na mwaka mzima ulikuwa umeliwa bure. Nilimwonea huruma. Tena nilijionea huruma mimi, kwa sababu kazi ikianguka, nafasi nayo ingeanguka, na ningerudi Mamba kupalilia mpunga nikiwa na alama za meno ya panya vidoleni.

Asubuhi moja aliingia chumba cha panya tukiwa tunagawa chakula. Alisimama mbele ya kizimba cha wale wa Mamba waliokunywa uji mtupu, akawatazama wanavyotafuna kwa raha, halafu akachukua kipande cha muhogo kwenye bakuli la Spesioza akakitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Muhogo huu ni ule mchungu?"

"Ndiyo, Daktari," Spesioza akajibu. "Wa Kapalamsenga."

"Mbona si mchungu?"

"Nimeuloweka."

Daktari alimeza kile kipande taratibu. "Nani alikuambia uloweke?"

"Hakuna aliyeniambia." Spesioza alionekana kushangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa nani alimwambia achambue mchele. "Muhogo mchungu haulishwi hivi hivi, Daktari. Sio mtu, sio kuku. Kwetu nimemwona mtoto aliyekula mbichi. Nisingeweza kuwawekea tu, wakati wananitazama."

Ndoo ilikuwa uani, nyuma ya jiko, ya bluu, imefunikwa kwa sinia. Sote tulikuwa tumeipita kila siku. Mimi nililalamika harufu yake nikamwomba aisogeze. Daktari aliipita akiwa ameziba pua. Hakuna aliyeona kitu cha kuuliza, kwa sababu nyumba yenye muhogo mchungu na isiyo na ndoo ya namna ile ndiyo ingekuwa ya ajabu. Mimi mtu wa mpunga nililijua hilo. Lakini asubuhi ile sikufikiri yote hayo. Nilisimama na mizani mkononi na moyo wangu ukapaa. Ameharibu, nilisema kimya kimya. Ameharibu mwaka wa Daktari, kwa mkono wake, na ameungama mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwona akifunga virago. Nilijiandaa hata kumhurumia.

Daktari alitoka akaenda uani, nasi tukamfuata. Akaondoa sinia. Povu jeupe lilikuwa limekaa juu ya maji, na harufu ile kali ikatupiga usoni. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa ndoo asianguke. "Spesioza," alisema akipangusa macho, "unajua hii ni nini? Hili ni tumbo. Umeweka tumbo nje ya nyumba! Wadudu wale wale, kazi ile ile, ila mtu anapikia kwenye ndoo na panya anapikia ndani." Akamkumbatia. Kwa sababu amekosea, akamkumbatia! Mimi sijawahi kukumbatiwa na Daktari Msofe mpaka anaingia kaburini, na sijawahi kumharibia hata sindano moja. Siku ile nilielewa kwamba kosa la mwenzangu lilikuwa na thamani kuliko usahihi wangu wote, na nilitamani sana niwe nimekosea mimi.

Tukaanza upya, muhogo haukulowekwa tena, na ukweli ukajitokeza wenyewe. Panya wa Mamba waliokunywa uji mtupu walinusa muhogo, wakaukwepa, wakaanza kukonda, na Daktari akawarudishia mahindi kabla hawajafa. Wale waliokunywa uji wenye mavi ya wenzao wa Kapalamsenga waliula, wakasinzia, wakashika uzito. Niliwapima mimi. Nilipoona namba zimeachana kama Daktari alivyosema zingeachana, nywele zilinisimama, na kwa dakika chache nilisahau kila kitu, nikamwita Spesioza kwa kelele aje aone. Alikuja na mikono ya unga, akaona, akapiga kigelegele mle chumbani mpaka panya wote wakakimbilia pembe. Nakumbuka hilo kwa upendo. Halafu nakumbuka kwamba Daktari alipokuja alimkuta Spesioza anashangilia na mimi nimeinama naandika, na yeye akaanza kushangilia na Spesioza.

Mwisho wa mwaka ulipokaribia, Daktari na Spesioza wakaanza kutoka asubuhi pamoja. Ilikuwa safari za maofisini, kutafuta kibali. Watu wa makazi walikuwa wameshakubaliwa uraia lakini vyeti vyao vilikuwa havijagawiwa, na bila cheti mtu wa Katumba kukaa Mpanda mjini ilikuwa jambo moja, kwenda kuishi Morogoro ilikuwa jambo lingine kabisa. Spesioza aliniambia kinatafutwa kibali cha kwenda kupeleka sampuli chuoni na kurudi. Walirudi mchana wakiwa na vumbi hadi magotini, wananunua miwa njiani, wanacheka. Mimi nilibaki na panya. Nilisafisha, nikalisha, nikapima, nikasikiliza lango. Kila walipoingia niliwaangalia nyuso, na kila nilipoona hakijatoka nilipumua, halafu nikaichukia pumzi yangu.

Siku aliyoniambia, Daktari alinikuta kibarazani nachambua mchele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaokota punje mbili tatu za mawe kwenye ungo wangu akazitupa. "Leokadia," alisema, "nitasema kama mtu mzima kwa mtu mzima. Nilimchagua Spesioza. Kibali kimekataliwa, na sina tena muda wa kusubiri. Nafasi ni yako ukiitaka." Nikasema asante. Ningeweza kusema nifikirie. Nilisema asante, upesi, kama mtu anayedaka kitu kinachoanguka. "Yeye sijamwambia kwamba nilimchagua," akaongeza. "Anadhani ilikuwa sampuli tu. Ataumia mara mbili bure. Na wewe usimwambie." Nikasema ndiyo, Daktari. Akaingia ndani. Nikabaki na ungo mapajani, na nilichokuwa nimekitaka mwaka mzima kikiwa mkononi, na sijawahi kuona wivu kama ule. Yeye alikuwa ameikosa nafasi akiwa amechaguliwa. Mimi niliipata bila kuchaguliwa. Kati ya haya mawili nilijua lipi ni bora, na halikuwa la kwangu.

Spesioza alipoambiwa kwamba ninakwenda mimi alinishika mikono, akasema hongera, akacheza kidogo. Kisha akaacha kula. Alipika, akatupakulia, akasema ameonja jikoni, akaenda kulala. Hakuwa ameonja, jiko lilikuwa chini ya dirisha letu na niliweza kuona. Mchana wa siku ya safari yangu, treni ikiwa ya jioni, nilikuwa nakunja nguo kitandani alipoingia akaegemea mlango. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Reoka, nikuambie kitu, usinichukie."

"Sema."

"Nakuonea wivu." Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. "Nakuonea wivu mpaka tonge halipiti hapa." Akajishika koo. "Nikilala nawaza, Reoka ana nini ambacho mimi sina? Daktari kaona nini kwake? Nimewaza mpaka nimechoka, na sipati jibu, na wewe ni dada yangu, sitaki uondoke ninavyowaza hivi."

Sitasema uongo. Nilifurahi. Raha ilinipanda kutoka miguuni kama maji ya moto ya kuogea siku ya baridi. Mwaka mzima maswali hayo yalikuwa yangu, kwa maneno hayo hayo, na sasa yalikuwa yamehamia kwake, na alikuwa amesimama mlangoni ameyabeba. Nilikunja kanga polepole ili asimalize kusema. Ningenyamaza tu, ningepanda treni nikiwa mtu ambaye Spesioza wa Katumba alimwonea wivu, na hakuna ambaye angejua tofauti. Daktari mwenyewe ndiye aliyenikataza kusema.

Sikusema kwa wema, na watu wanaoniona mwema katika hadithi hii naomba wasijisumbue. Nilisema kwa sababu wivu ule nao haukuwa wangu. Ulikuja kwangu kama nafasi ilivyokuja, kwa kuwa mwenyewe alizuiliwa njiani, na nilikuwa nimechoka kupokea vya mtu.

"Hakuniona mimi," nikamwambia. "Alikuchagua wewe. Kibali kile hakikuwa cha sampuli. Kilikuwa cha kwenda kusoma. Kimekataliwa, ndipo akanichukua mimi."

"Nani kasema?"

"Daktari mwenyewe. Pale kibarazani."

"Apa."

"Haki ya Mungu, Spesioza. Wewe ndiye uliyechaguliwa."

Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikaa kitandani kwake, akainuka, akakaa tena. Hakunishukuru wala hakuniomba radhi, na wala sidhani alikumbuka kwamba nipo. Alitoka nje, nikamsikia anafunua sufuria, akarudi na sahani ya ugali wa muhogo wa mchana uliopoa na kipande cha mgebuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kula. Alikula huku machozi yanamtoka na mwanya unaonekana, tonge kubwa baada ya tonge kubwa, akifumba macho kila anapomeza. Mimi nikasimama na kanga yangu mkononi nikimtazama anavyokula, na roho ikaniuma upya.